Siku Clapton Alipomwimba Don Williams

Baba yangu aliendesha lori kati ya Nakuru na Malaba kwa miaka mingi, na mle mbele hazikukosekana kaseti tatu: mbili za Don Williams, moja ya Jim Reeves. Mkenya wa rika langu hahitaji maelezo hapo. Kwetu kantri, muziki wa hao Wamarekani wawili, ni muziki wa nyumbani. Don akianza kuimba redioni, hata jirani anaomba uongeze sauti. Kwa hiyo siku nilipoipata albamu ya Eric Clapton iitwayo Slowhand, nikawa napitia majina ya watunzi nyuma ya jalada, jicho liligota kwenye wimbo wa tano. We're All the Way. Mtunzi: Don Williams.

Clapton nilimjua kama mtu wa rock, Mwingereza wa kelele kubwa na solo ndefu. Alitafuta nini kwa Don?

Nimeisikiliza albamu hiyo mara nyingi tangu siku ile, na leo naamini wimbo huo mtulivu ndio unaoieleza yote. Slowhand ilirekodiwa Mei 1977 katika Olympic Studios, London, chini ya prodyuza Glyn Johns, ikatoka Novemba mwaka huohuo. Ina nyimbo tisa. Wapo wanaosema ni albamu laini mno, kwamba mpiga gita hodari alizembea. Mimi nasema hapo ndipo alipokomaa. Aliacha kushindana na kila mtu, akaketi katikati ya bendi yake kama mtu aliyekaribishwa chakula.

Na bendi yenyewe ndiyo siri. Carl Radle kwenye besi, Dick Sims kwenye kinanda, Jamie Oldaker kwenye ngoma: wote watatu ni watu wa Tulsa, Oklahoma. Tulsa ndiko alikokulia J.J. Cale, mtunzi wa Cocaine, wimbo unaoifungua albamu. Watu wa huko wana mwendo wao wa kupiga. Haukimbii, wala haulali. Mguu wako unaanza kugonga sakafu kabla hujajua umeupenda wimbo. Mpe mpiga bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, mwendo huo, ataukalia vizuri. Mpe mwimbaji wa kantri, atadhani ni wa kwao. Ndiyo maana ndani ya albamu hii huoni mshono kati ya rock, bluzi na kantri: ngoma na besi zimekwisha kuunganisha kila kitu kabla gita halijasema neno.

Chukua Lay Down Sally, ambao Clapton aliutunga pamoja na Marcy Levy na George Terry. Usikilize kwa spika za masikioni, usiku, nyumba ikiwa kimya. Gita linacharazwa huku kiganja kimelalia nyuzi, kila noti inakatika ikiwa fupi na kavu, kama mvua ya kwanza kwenye mabati. Ngoma inakwenda kama gari moshi lililoshika kasi yake. Halafu solo inaingia, nawe unangoja ipande. Haipandi. Inabaki palepale chini, inaongea kwa sauti ya mtu aliyeketi karibu nawe. Mpiga gita kijana hawezi kujizuia hivyo, vidole vinamwasha. Wimbo huo ulifika nafasi ya 3 kwenye chati kuu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, mwaka 1978, na ukaingia pia kwenye chati ya kantri. Mwingereza, kwenye chati ya kantri ya Marekani!

Wonderful Tonight umepigwa katika harusi nyingi kiasi kwamba wengi hawausikii tena. Aliutunga Septemba 1976 akimngoja mpenzi wake Pattie Boyd amalize kuvaa, waende karamuni. Next Time You See Her nao una melodi tamu kabisa, lakini maneno yake ni ya mwanamume anayetishia kuua kwa wivu. Utamu wa juu, sumu chini yake: bluzi na kantri zote mbili zinaijua tabia hiyo. The Core, kwa maoni yangu, ungekatwa dakika tatu usingepungukiwa kitu, ingawa saksafoni ya Mel Collins inaustahili muda wake.

Wimbo unaonipa kazi moyoni ni Mean Old Frisco, wa Arthur Crudup. Crudup alikuwa mtu mweusi kutoka Mississippi, na ni wimbo wake mwingine ambao Elvis Presley aliurekodi mwaka 1954 kwenye santuri yake ya kwanza: upande mmoja bluzi ya Crudup, upande wa pili wimbo wa Bill Monroe, mzee wa bluegrass, tawi la kantri. Yaani rock yenyewe ilizaliwa bluzi na kantri zikiwa zimelala kwenye santuri moja. Crudup alifariki mwaka 1974 bila kupata haki ya jasho lake.

Sasa weka hilo kando ya jambo hili: Agosti 1976, jukwaani Birmingham, Uingereza, Clapton aliwatukana wahamiaji na kumsifu Enoch Powell, yule mwanasiasa aliyetaka watu weusi na Waasia warudishwe makwao. Miezi tisa baadaye yuko studio anapiga bluzi ya Crudup kwa heshima zote. Baadaye sana alisema anaona aibu kwa maneno yale. Mimi Mwafrika siwezi kuipenda albamu hii nikijifanya sijui. Nikiufikia Mean Old Frisco, ile sauti ya gita inayoteleza juu ya nyuzi, namkumbuka Crudup kwanza. Wimbo ni wake.

Mwaka jana nilimchezea baba albamu hii. Siku hizi haendeshi. Anakaa kibarazani na redio yake. Cocaine ulipita, hakusema kitu. Lay Down Sally ukamtikisa mguu kidogo. Ulipofika wa tano, gita likaingia taratibu na Clapton akaimba karibu kwa kunong'ona, baba aliweka kikombe chini.

"Huyu anayemwimba Don ni nani?"

Nikamwambia ni Mzungu mmoja wa Uingereza, mpiga gita.

Akasikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama. "Mbona hapigi gita sana?"

"Ndivyo alivyoamua, baba."

"Amefanya vizuri," akasema. "Rudisha nyuma."