Mgonjwa wangu kumbe kajilalia zake

Najua ile klipu ishawafikia. Yule mnafiki anayejiita rafiki yangu kairusha magrupu matatu na chini kaandika "mwizi wa simu mwenye riflekta", sasa naombeni dakika mbili na mimi niseme, hapa naandika mguu nimeuweka juu ya ndoo umevimba kama andazi.

Sisi wa Kigogo habari za maafa hatuhitaji kuhadithiwa, mto Msimbazi ukijaa tu watu wanaanza kupandisha magodoro. Yale mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar, waliokuwa mabondeni wengi wakahamishiwa Mabwepande, huko pembezoni mwa jiji. Kwa hiyo mtaa ulipotafuta watu wa kujitolea wafundishwe huduma ya kwanza na uokoaji, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu. Haya, na posho nilisikia ipo, msinitolee macho.

Siku ya mwisho ikawa zoezi. Majeruhi wa kuigiza tisa wametawanywa kiwanja cha shule, wamepakwa tomato, wengine wanalia kwa kipaji kabisa. Sisi tunapita na kadi za rangi. Anayetembea mwenyewe kijani, huyo asubiri. Anayepumua lakini ukimwambia "nibane mkono" habani, nyekundu, ndo anabebwa wa kwanza. Ambaye hata ukimfungulia njia ya hewa hapumui, nyeusi, unampita. Njano ni wale wa katikati. Na usimgande mtu mmoja, nusu dakika umeshasogea.

Nikamaliza watatu fasta, najiona profesa. Nazunguka nyuma ya choo cha shule nakuta wa nne, mzee kalala chali juu ya boksi chini ya mwarobaini, mdomo wazi, mkono mmoja umeanguka kwenye vumbi. Tomato hana hata tone. Nikajisemea hapa ndo wanapotutegea, huyu kapewa majeraha ya ndani. (Ndiyo, mimi na akili zangu timamu.)

"Mzee! Mzee unanisikia? Nibane mkono!"

Kimya.

Sasa tulifundishwa unaanza kwa kujitambulisha na kuomba ruhusa, ila nikaona huyu muigizaji, ruhusa ya nini. Nikamlaza kichwa nyuma, nikainua kidevu, nikashusha sikio mpaka mdomoni kwake huku macho yakiangalia kifua, maana unatazama, unasikiliza, na shavu lako linasubiri pumzi, isizidi sekunde kumi. Nahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu, pumzi hii hapa, ina kahawa na kashata. Nne, mkono wa kulia unahangaika kufunga kadi nyekundu kwenye kifungo cha shati, kifungo chenyewe kiko juu ya mfuko na mfukoni kuna kisimu cha tochi. Tano. Sita, pumzi imekata ghafla, nikasema tunampoteza huyu!

Saba, nikageuza shingo nimuangalie usoni.

Jicho moja liko wazi. Pua kwa pua, wanangu. Akaangalia shavu langu, akashuka taratibu mpaka kwenye mkono wangu ulioko mfukoni kwake, akarudi tena usoni. Hapo ndo nilikuwa na nafasi ya kusema shikamoo. Unajua nilisema nini?

"Usiamke mzee, wewe mahututi."

"Nani mahututi?"

"Wewe. Nimeshakupa nyekundu."

Jamani ile "MWIIIZI!" aliyoitoa yule mzee, mtu mahututi hana mapafu ya vile. Kumbe ndo mlinzi wa shule, kakesha usiku mzima, hana habari na zoezi wala kadi, anachojua kafumbua macho akakuta kidume kimemlalia kinamtoa simu.

Na mnajua mtaani kwetu neno hilo likitamkwa hakuna anayeuliza swali. Bodaboda wale wa kijiweni, mama wa mihogo na mwiko wake, hata majeruhi wawili wenye tomato walisimama wakanikimbiza, mmoja nilishamwandika kavunjika nyonga! Mimi mbio. Riflekta imetengenezwa uonekane kwa mbali, na nilionekana. Nikaruka mtaro, mguu mmoja ukafika ng'ambo, wa pili ukabaki.

Mengine nafupisha. Mwalimu akawahi kuwatuliza kabla sijala hata kofi, mwiko ulinipata mgongoni mara moja tu, na mara mbili mnayoisikia kwenye magrupu ni uongo. Kifundo kimeteguka. Nikadhani nitahurumiwa, mwalimu akawageukia wenzangu macho yanang'aa, "Haya, tumepata jeruhi wa kweli, nani anamwainisha?" Na huyo rafiki yangu, simu bado inarekodi, akanifunga kijani. Eti tumeona wote anatembea, tena kwa kasi. Nikakaa juani mpaka wale wa tomato wote wabebwe kwa machela.

Mzee nilimwomba radhi jioni ile ile, akanirudishia kandambili yangu moja na kadi yake nyekundu. Jana nimepita tena pale shuleni nachechemea, nimemkuta juu ya boksi lake, jicho moja wazi.

"Pita tu daktari, leo napumua."