Kitanda Chenu Kimepita, Kosa ni Mashine Yangu

Kuna watu wanalala kwenye kitanda cha sita kwa sita ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Ukifungua mlango unagonga godoro. Kuvaa suruali lazima upande kitandani. Halafu watu hao hao ndio wananiuliza, "Hivi mashine ya gemu ya nini ndani ya chumba?"

Nazungumzia ile ya kusimama, ya fimbo na vitufe, kama zile watu walizochezea gemu ya Pac-Man tangu 1980. Zile za wakati huo zilikuwa na TV ya chogo tumboni, kuinyanyua mtu unaita vijana. Yangu haina chogo. Ina skrini bapa ya mtumba na Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki. Gemu zote zimo humo. Kabati lililobaki ni mbao na hewa. Sasa niambieni, hewa inashindwaje kupita mlangoni?

Inashindwa, kwa nyumba zetu hizi. Mlango ukiutazama una sentimita 75. Uongo mtupu. Nyuma yake kuna jaba la maji kwa hiyo haufunguki wote. Toa na kitasa, umebaki na 66. Ukitoka hapo kuna korido yenye kona, na kwenye kona jirani kapanga mtungi wa gesi, ndoo, na baiskeli ya mpangaji aliyekwisha hama. Eti tunamtunzia.

Ndiyo maana nilikwenda Keko kwa fundi na mchoro kamili. Upana 58. Mwili uwe vipande viwili: chini kabati tupu, juu skrini, vitufe na kila chenye waya, vishikane kwa bolti nne. Ukitaka kuhamisha unachomoa waya mmoja wa umeme, unafungua bolti, kwisha. Fundi akaguna. "Bosi, kabati linakatwa katikati? Watu watasema nimekosea vipimo." Kwa hiyo akakosea kweli: akaongeza sentimita nne bila kuniuliza, "ili lipendeze." Tena akadai hela ya mbao ya ziada!

Hesabu mwenyewe. Kabati la 62, mlango wa 66, inabaki sentimita mbili kila upande. Vidole vyangu vipite wapi? Na hiyo ni MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18, ubao mzima wa futi nne kwa nane unakaribia kilo 40. Halafu koridoni muda huo mtu kaamua kupiga deki. MDF ikinywa maji inavimba na hairudi, nikawa nalipitisha kabati juu juu huku nabembeleza watu wasogeze madumu, na hakuna aliyesogeza.

Kipande cha juu kilipofika kwenye kona, mama mwenye nyumba akatoka na upawa mkononi. "Baba, hapa kwangu kamari sitaki."

"Shikamoo mama. Si kamari, angalia, haina hata pa kutumbukiza sarafu."

"Marahaba. Kumbe mnacheza kwa noti!"

Likaja la umeme. Pi na skrini kwa pamoja hazifiki wati 50, taa ya zamani ya glopu inakula zaidi. Friji la chumba cha mbele linanguruma usiku kucha, mlango wake umefungwa kwa kamba, wala halijawahi kuitwa kwenye kikao. Mimi nimepandishiwa mchango wa LUKU kwa sababu, nanukuu, "ile friji ya michezo ina taa nyingi."

Mwenye sita kwa sita naye anakuja kila jioni. Anashika fimbo kama anachomoa muhogo, anakufa hatua ya kwanza, analaumu vitufe. Kabla hajaondoka lazima aseme, "Ila umejibana sana, ndugu yangu."

Nilidhani angalau mke wangu atanitetea. Yeye kagundua kwamba kile kipande cha chini ni kitupu. Siku hizi kina sufuria, kinu, na unga wa sembe mfuko mzima, na bolti zangu mbili zimejificha nyuma ya mfuko huo. Nikamuuliza, mama, siku tukihama itakuwaje?

Akasema itabidi tule ugali kwanza.