Hitler Hakugonga Mlango Paris

Mauaji ya Wayahudi yakitajwa, wengi wetu tunakimbilia jina moja tu: Hitler. Mimi naona tukiishia hapo tunawasamehe watu wengi mno. Alfajiri ya Julai 16, 1942, waliogonga milango ya Wayahudi jijini Paris walikuwa polisi wa Ufaransa, na kila kundi lilikuwa na kadi zenye majina na anwani.

Kadi hizo zilitokana na Wayahudi wenyewe. Mwaka 1940 Wajerumani, waliokuwa wameiteka Paris, waliamuru wahesabiwe, na polisi wa jiji wakaifanya kazi hiyo. Watu karibu 150,000 wakaenda kujiandikisha. Hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wamekimbilia Ufaransa wakiamini ni nchi ya sheria, na mtu mwema akiitwa na serikali huitika. Oktoba hiyohiyo serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyokaa mji wa Vichy baada ya kushindwa vitani, chini ya Marshali Pétain, ikatunga sheria yake ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma na ualimu, bila kushurutishwa na Berlin. Juni 1942 walio Paris wakalazimika kuvaa nyota ya njano ya kuwatambulisha kuwa Wayahudi. Waliifuata kituo cha polisi, na wakaitolea kuponi ya mgawo wao wa nguo. Kuna karani aliyekaa pale akipokea kuponi hizo, mtu baada ya mtu.

Kwa siku mbili walikamatwa zaidi ya 13,000, na kati yao watoto walizidi 4,000. Familia zilifungiwa katika uwanja wa mbio za baiskeli, Vél d'Hiv, kwenye joto kali, maji na vyoo havitoshi. Kisha zikapelekwa kambi za Pithiviers na Beaune-la-Rolande, ambako watoto walinyang'anywa mama zao. Mwisho wa safari ulikuwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland.

Wapo polisi waliozionya familia mapema, na zaidi ya nusu ya waliolengwa waliponyoka. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hapakuwa na la kufanya.

Baada ya vita ukaja wakati wa kuficha. Filamu moja ya 1956 kuhusu kambi za Wanazi ilikuwa na picha ya askari wa Kifaransa akilinda kambi ya Wayahudi nchini Ufaransa. Wakaguzi wakataka asionekane, kofia yake ikafunikwa. Ilibidi kusubiri hadi Julai 1995 ndipo Rais Jacques Chirac akakiri kwamba taifa lake lilishiriki. Waliomtangulia walishikilia kwamba Vichy haikuwa Ufaransa. Silikubali dai hilo hata kidogo: polisi walikuwa walewale, ofisi zilezile, na mishahara ililipwa na hazina ya Ufaransa.