Msije mkaiachia ile asilimia 51 ya wanachama, nawaambia nikiwa Dallas

Wadau mlioko nyumbani mnivumilie hii itakua ndefu, maana naona ule mjadala umerudi tena, timu ikifungwa mechi mbili tu watu wanaanza, bora Simba na Yanga wapewe matajiri wazichukue mazima asilimia mia, wanachama wakae jukwaani washangilie "kama Marekani". Na mimi nlikua upande huo huo. Nina miaka kumi na mbili Texas na karibu muda wote huo nlikua nikipiga simu nyumbani nasifia ya huku, mechi inaanza muda ule ule ulioandikwa, tiketi iko kwenye simu, unaingia getini bila kusukumana, mtoto anakaa kwenye kiti chenye namba yake. Hayo ni kweli mpaka leo na siyafuti. Ila kuna kitu sikua nakijua, nimekijua usiku wa tarehe 1 Februari 2025.

Nlikua shifti ya usiku ghalani, saa tano na kitu hivi, huko Dar ishakua Jumapili asubuhi saa mbili. Simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Shams Charania, yule mwandishi wa habari za NBA, ligi ya kikapu ya huku, kaandika kwamba timu yetu ya Dallas Mavericks imempeleka nyota wake Luka Dončić kwa Lakers wa Los Angeles na Dallas wanamchukua Anthony Davis. Nikajua moja kwa moja akaunti yake imedukuliwa, na sio mimi peke yangu, dunia nzima ilidhani hivyo mpaka ikabidi aandike tena kwamba ni kweli. Mdogo wangu yuko Temeke akanitumia voisi, "kaka, mbona mmemuuza Luka?" Nimeisikiliza hiyo voisi mara nyingi sana. Mmemuuza. Anaongea kama anavyoongea mtu wa nyumbani, timu ni yenu kwahiyo mmemuuza nyinyi. Nikashindwa kumjibu, maana hapa mjini hakuna shabiki hata mmoja aliyemuuza Luka.

Kwa msiofuatilia kikapu, huyu jamaa alikua na miaka 25, kaja Dallas 2018 akiwa kijana mdogo kabisa, na miezi nane tu kabla ya hapo alikua kaibeba timu mpaka fainali ya 2024 walipofungwa na Boston. Mchezaji kama huyo hauzwi. Mji ulijua atacheza hapa mpaka azeeke kama Dirk Nowitzki aliyekaa misimu 21 na timu moja na kuleta ubingwa wa 2011, sanamu yake iko nje ya uwanja. Sasa meneja mkuu Nico Harrison akakaa na bosi wa Lakers, Rob Pelinka, wakaongea kimya kimya wiki kadhaa, watu wanaojua wanahesabika, Luka mwenyewe anakuja kusikia mambo yameshaisha. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa. Basi, wakamalizia hapo.

Alafu angalia upande wa umiliki, maana hapa ndio penye somo kwetu. Mark Cuban aliinunua hii timu mwaka 2000 kwa dola milioni 285, na mwishoni mwa 2023 akauza sehemu kubwa kwa familia za Adelson na Dumont, watu wa kampuni ya makasino ya Las Vegas Sands, timu ikithaminiwa dola bilioni 3.5 hivi. Yeye akabaki na asilimia 27. Nawaomba muiangalie vizuri hiyo namba. Mtu ana 27 ya timu ya mabilioni, kakaa nayo zaidi ya miaka ishirini, kila mtu mjini anamjua, na siku ya kumtoa Luka hakua na sauti, mwenye sauti alikua Patrick Dumont, gavana wa timu, yaani anayewawakilisha wamiliki kwenye ligi, yeye ndiye aliyeridhia. Sasa wewe unayesema tajiri apewe zote na sisi tutabaki na "ushawishi" wa mashabiki, huo ushawishi utaupimia wapi? Cuban alikua nao na hisa juu.

Watu walilia jamani. Asubuhi yake walibeba jeneza mpaka kwenye sanamu ya Dirk, na hawakua wanafanya mchezo, walikua na msiba kweli. Ndani ya uwanja mechi baada ya mechi watu wanaimba Nico afukuzwe, kuna waliotolewa nje kwa kuonyesha hayo maneno. Davis kacheza mechi yake ya kwanza akaumia humo humo, mwezi wa tatu nyota wetu mwingine Kyrie Irving goti likaenda, na katikati ya machungu yote hayo ikatangazwa bei za tiketi za msimu zinapanda. Tarehe 9 Aprili Luka akarudi Dallas na jezi ya Lakers, wakamuwekea video ya kumuaga, akajifunika taulo analia, alafu akafunga pointi 45. Mwanangu ana miaka tisa, alikua amevaa ile jezi yake namba 77 ya bluu, akaniuliza baba nani aliamua aondoke. Nikamtajia majina. Akauliza tena, hao watu tunaweza kuwaambia?

Hapo ndio nikamkumbuka mzee wangu. Mzee ana kadi ya Yanga tangu sijazaliwa, imechakaa kona zote, anaiweka kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa. Nikiwa kijana nlikua naona aibu akitoka asubuhi kwenda Jangwani kwenye mkutano na kurudi jioni sauti imekauka. Mikutano ile naijua, kelele, makundi, watu wanakatana kauli, viongozi wanaahidi vitu ambavyo havitokei, siipambi. Lakini mzee alisimama akauliza hela za usajili ziko wapi, na mwenyekiti aliyekua mbele yake alijua kwamba uchaguzi ukifika huyu mzee ana kura. Simba walipopitisha mabadiliko ya umiliki Desemba 2017, na Yanga 2021, ni wanachama walioinua mikono, na kanuni zetu zinasema asilimia 51 ya hisa inabaki kwao. Mimi nlikua naiona hiyo 51 kama ushamba unaotuzuia kwenda mbele. Leo naona ndio kitu pekee tulichonacho ambacho huku hawana.

Kuna watakaosema mbona mwishowe Nico alifukuzwa. Ndiyo, tarehe 11 Novemba 2025, timu ikiwa imeshinda 3 na kufungwa 8. Miezi tisa! Na aliyeridhia yuko pale pale, na Luka yuko Los Angeles. Wengine watasema si walimpata yule kijana chipukizi Cooper Flagg, nafurahi kweli dogo anajua, lakini ile ilikua bahati nasibu ya ligi ya nani achague wa kwanza kati ya wachezaji wapya, na Dallas walikua na nafasi ya asilimia 1.8, huwezi kuendesha timu kwa kutegemea hiyo. Na mjue kwamba huku kuna jambo baya zaidi ya kuuza mchezaji. Seattle walikua na SuperSonics miaka 41, wamiliki wapya wakainunua 2006, na 2008 timu nzima ikahamishiwa Oklahoma City. Mji ukaamka hauna timu. Fikiria Yanga ihamishiwe mkoa mwingine kwa sababu mwenye nayo kaona huko kuna uwanja anaoutaka.

Sisemi matajiri wafukuzwe, hela zao tunazihitaji na zimeleta wachezaji na makocha ambao zamani tulikua tunawaona kwa wenzetu tu. Waje, wapate 49 yao, wapate faida. Ninachokataa ni wanachama wenyewe kuchoka, hawalipi ada, mkutano ukiitwa hawaendi, hesabu zikisomwa wanasubiri chakula, alafu msimu ukiharibika wanasema wapewe matajiri zote.

Mdogo wangu, nimetuma hela kwenye namba yako jana, ni ya ada yako na ya mzee. Miguu haimruhusu tena kufika Jangwani, kwahiyo mkutano ujao nenda wewe, kakae mbele, na lile swali lake la hela za usajili kaliulize.