Mume wa Mama Keki

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Hapa Kimara nilikuwa nikipita kijiweni watu wanasema "Fundi, karibu," napishwa benchi. Siku hizi naitwa Baba Keki. Na keki yenyewe sijawahi kupika hata moja! Mama watoto ndiye alikwenda kujifunza keki za sherehe, akarudi na cheti, kisu butu cha kupakia krimu na kimeza kinachozunguka. Tangu siku hiyo humu ndani mimi ni mpangaji.

Chukua friji. Friji nililinunua mimi, kwa jasho la geti la mtu wa Mbezi. Lifungue sasa hivi uone kama utapata maji ya kunywa. Juu kuna keki ya mtoto anayetimiza mwaka, katikati maboksi ya krimu, chini kuna kitu kimefunikwa nailoni na karatasi imeandikwa BABA USIGUSE. Samaki wangu alishahamishiwa kwa jirani, maana krimu inanyonya harufu, na mteja akikata keki ya vanila ikanuka changu, biashara imekufa. Kwa hiyo nikitamani samaki niliyemnunua kwa hela yangu, napiga hodi kwa watu. Na jirani naye siku hizi ananiuliza, "Wa leo mkubwa au mdogo?"

Umeme ukikatika, wenzetu wanawasha taa ya simu wanaendelea na mazungumzo. Sisi hapa ni hekaheka. Keki ikiwa nusu ya kuiva inabonyea katikati, kwa hiyo inahamishiwa kwenye sufuria, mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Anayepepea mkaa usiku wa manane unamjua. Ninapoitwa "mume wangu kipenzi" kwa ile sauti laini, sijidanganyi kabisa. Moto umepungua.

Lakini ugonjwa mkubwa ni wateja. Mteja hatumi maelezo, anatuma picha. Keki ya ghorofa tano, maua ya sukari yanateremka mpaka chini, imepigwa picha huko Ulaya ndani ya chumba chenye kiyoyozi. "Dada, nataka hii hii." Bajeti? "Nina elfu thelathini." Kwa hela hiyo hapa kwetu unapata keki ya krimu ya kilo moja na jina la mtoto, tena jina likiwa fupi. Anaambiwa hivyo kwa upole. Anafikiri. "Basi dada nifanyie hiyo kilo moja, ila ziwe ghorofa tano." Mama watoto anacheka anaandika kwenye daftari. Mimi ningeshazima simu.

Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika mpaka kilo ikapita elfu nne, bei ya keki ikapanda kidogo. Mama mmoja akaja juu: "Basi yangu usitie sukari nyingi, unipunguzie." Sawa mama, unataka ya aina gani? "Ya fondanti." Fondanti ni nini, mama? Ni unga wa sukari uliokandwa na glukosi na jelatini! Keki imevaa sukari kuanzia utosini mpaka nyayoni, wewe unaniambia habari za kupunguza! Waulizaji wa maana ni wale wanaotaka kujua jelatini ya ng'ombe au ya nguruwe. Hao nawaheshimu, navaa miwani nawasomea pakiti herufi kwa herufi.

Na hiyo fondanti na joto la Dar hawapatani. Hewa ya pwani imejaa unyevu, sukari inaunyonya, na keki ikitoka kwenye friji ikakutana na jua la saa saba, inaanza kutoka jasho. Tulikuwa na keki ya binti mfalme, macho kachorwa kwa brashi, nyusi unaweza kuzihesabu. Mpelekaji nani? Baba Keki. Nimepewa masharti: usiipakate, mapaja yana mteremko na yana joto, iweke chini kwenye bajaji, dereva asiruke matuta. Nimeinama safari nzima, kifua juu ya boksi, kila tuta naliinua kidogo na kulishusha, jasho langu mwenyewe nalizuia kwa mkono lisidondoke kwenye kioo cha nailoni. Ubungo tukasimama. Tukaendelea kusimama. Binti mfalme alitoka Kimara anatabasamu, tunafika Ilala wanja umemfika kidevuni. Mwenye sherehe akafungua boksi: "Kaka, mbona analia?"

"Ameona foleni, mama."

Hakucheka. Salio la hela alilituma kesho yake.

Hayo yote navumilia. Ila ile ya jezi ya Simba sitaisahau. Mimi Yanga, baba yangu Yanga, geti langu nimelipaka kijani na njano. Mama watoto anasema biashara haina timu. Kwanza nyekundu ile haipatikani kirahisi: unatia rangi, krimu inakuwa waridi, unaongeza, waridi, unaongeza, waridi iliyokasirika. Ukifika kwenye nyekundu yenyewe umeshamwaga rangi mpaka krimu ina uchungu. Halafu nikapita nayo kijiweni. Boksi lina dirisha. Aliyebuni boksi lenye dirisha hajawahi kuishi uswahilini! Benchi zima likasimama. "Baba Keki, umehama lini?" Faraja yangu niliipata kwenye picha za sherehe: ukoo mzima umecheka, meno mekundu mpaka kwa bibi.

Kinyume chake, Novemba 2023 tulipowapiga watani tano kwa moja, oda za keki yenye kiganja cha vidole vitano zilipoingia, hakuna aliyenituma. Mayai nilipasua mwenyewe. Nauli sikudai.

Sasa njoo kwenye harusi. Kamati inakaa vikao, michango haijatimia, lakini keki lazima ifike karibu na dari ionekane kwenye video. Siri yake nikwambie: ghorofa mbili ni keki, zilizobaki ni dami, lile dude jeupe jepesi wanalofungashia televisheni, limepakwa krimu juu likapambwa maua. Maharusi wanaonyeshwa pa kukata, MC naye anajua. Asiyejua ni mjomba kutoka mkoani, ambaye baada ya kulishwa kipande kidogo kisichotosha jino alijipitisha kwenye meza kimya kimya, akachomeka kisu ghorofa ya tatu. Kisu kikalia kwi, kwi. Mjomba akaendelea! Alipovuta akatoka na kipande chepesi ajabu, akakitia mdomoni, akatafuna, akaniangalia mimi niliyesimama pembeni kulinda mali.

"Hii imekauka," akasema.

Nikamwambia ni ya jana.

Na vijana je? Wao mwenye birthday lazima amwagiwe maji. Mila yenu, endeleeni. Lakini kuna haja gani ya kumwagia ndoo ameinamia keki anazima mishumaa? Keki imepikwa usiku kucha, imesafiri na mgongo wangu, inakaa mezani dakika za kupiga picha tu, halafu mafuriko. Saa mbili baadaye ujumbe unaingia: "Dada, keki yako imelainika sana, naomba unifikirie."

Nyumbani kwangu keki hailiwi. Zile kofia zinazokatwa juu ili keki ikae sawa, ndizo chai ya asubuhi, ndizo za watoto kubeba shuleni, na mwalimu anadhani tuna uwezo. Mdogo wetu juzi kalia machozi anataka kiporo cha ugali.

Kilichonibakiza na heshima kidogo ni stendi. Keki za ghorofa zinahitaji stendi ya chuma, nami nachomelea, napiga msasa, napaka rangi ya dhahabu. Wateja wanatakiwa wazirudishe. Hawarudishi. Jana nimetumwa Tabata kufuata moja, nikaikuta sebuleni imebeba televisheni, imetandikiwa kitambaa cha kufuma. Mwenye nyumba hakunijua.

"Kaka, hiki chuma usikione hivi," akanigongea kwa kidole. "Fundi wake anajua kazi. Ningempata anitengenezee na geti."

Nikamwandikia namba, nikaiacha stendi palepale. Mama watoto nimemwambia sikumkuta mtu.