Kabla ya Kumkata Kuku Mdomo, Angalia Manyoya Yametoka Wapi

Kuku wa mayai wakianza kubaki na ngozi wazi, ushauri wa haraka unaosikika ni kuwakata midomo, na unaofuata ni kumchinja yule mkorofi. Napinga yote mawili. Kudonoana kuna chanzo, na mara nyingi chanzo hicho kiko kwenye chakula au kwenye banda. Ukiwakata midomo, upungufu wa protini unabaki palepale na msongamano unabaki palepale, ila sasa kuku wako wana maumivu juu yake.

Anza kwa kuangalia manyoya yametoka sehemu gani. Mshike kuku jioni akishatulia, mpanue manyoya kwa vidole mpaka uone ngozi. Mgongo wa chini, pale juu ya mkia, pakiwa wazi, wenzake wanamnyonyoa. Majeraha ya kichwani na kwenye upanga, ile nyama nyekundu ya utosini, ni ya ugomvi wa kugombea ukubwa. Matetea wawili watatu wakiwa na mgongo wazi katikati na kisogo kimenyonyoka, na jogoo yupo, basi jogoo anawapanda hao hao kila siku: mtenge, au hakikisha ana matetea wanane hadi kumi. Shingo ikilika upande wa mbele tu, pitisha mkono kwenye ukingo wa chombo cha chakula au kwenye wavu anakoingiza kichwa, huenda ndiko shingo inakosuguliwa. Na kuku wa mwaka mmoja na zaidi akipukutisha kuanzia kichwani kushuka shingoni na mwilini, huku mayai yamepungua, anabadili manyoya tu. Huyo mwache, muongezee protini.

Angalia pia unyoya umetokaje. Ukikuta bua limevunjika na kipande kimebaki ndani ya ngozi, hapo hapataota kitu mpaka kuku abadili manyoya. Ukikuta kitundu kitupu, unyoya mpya huanza kuota mapema. Hivyo vichanga vina damu ndani ya bua, na kuku wengine huviona na kuvitamani. Ndiyo maana kuku aliyeanza kupona hurudi kunyonyolewa upya asipolindwa.

Watu huchanganya aina mbili za kudonoana. Mtafiti Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza miaka ya 1920 kwamba kuku wana ngazi yao: kila mmoja anajua nani amdonoe na nani amkimbie. Mdono huo ni wa kichwani, una kelele, na huisha ngazi ikishajulikana. Kunyonyoana manyoya ni kimyakimya. Kuku anasimama nyuma ya mwenzake, anachomoa unyoya, anaula, na aliyechomolewa wakati mwingine hata hageuki. Huyu mnyonyoaji kwa kawaida ni kuku aliyekosa kitu cha kuchakura au kitu mwilini.

Kwenye kukosa kitu mwilini ndipo ninapowalaumu wengi wetu tunaochanganya chakula wenyewe. Unyoya karibu wote ni protini, na kuujenga kunahitaji methionini, moja ya viungo vinavyounda protini, ambayo mahindi na pumba hazina ya kutosha. Bei ya dagaa ikipanda, tunapunguza dagaa na kujazia pumba. Chukua mchanganyo wa kilo 100 wenye kilo 75 za mahindi na pumba, kilo 14 za mashudu ya alizeti, kilo 3 za dagaa, na zilizobaki chokaa na madini. Ukipiga hesabu unapata protini kama asilimia 12, wakati kuku anayetaga anahitaji 16 hadi 18. Toa kilo 10 za pumba, weka kilo 10 za mashudu ya soya, unakaribia 16. Soya nzima ni lazima ikaangwe kwanza, kwa kuwa ikiwa mbichi inazuia protini isimeng'enywe. Chumvi iwe gramu 300 kwa kilo 100, maana upungufu wake nao huleta kudonoana. Dagaa wakiwa wa chumvi, punguza. Halafu ugali na wali uliobaki jikoni usizidi kiganja kwa kuku. Kuku mmoja anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na akishashiba wanga hana nafasi ya chakula chenye protini.

Banda sasa. Kuku wanne kwa mita moja ya mraba kama hawatoki nje. Fito za kulalia sentimita 20 kwa kila mmoja, kiota kimoja kwa kuku wanne au watano. Vyombo vya chakula na maji viwe viwili kila kimoja, pande mbili tofauti, kwa sababu mkorofi hawezi kulinda kona mbili kwa wakati mmoja. Mbele ya kiota ning'iniza kipande cha gunia kiwe giza: kuku akimaliza kutaga, nyama nyekundu ya njia ya kutagia hubaki imetokeza kwa muda mfupi, mwenzake akiiona anaidonoa, na jeraha la hapo huua haraka kuliko lolote. Taa kali nyeupe na joto la paa la bati lililo chini huongeza ugomvi. Saa nne asubuhi mwaga konzi za mtama ndani ya maranda makavu wachakure, na ufunge fungu la mchicha kwa kamba usawa wa kichwa.

Wadudu ni lazima uwakague hata kama umeshapata sababu nyingine. Chawa hutaga mayai yaliyoshikana kama vifundo vyeupe kwenye mashina ya manyoya karibu na sehemu ya kutagia. Utitiri mwekundu mchana hujificha kwenye nyufa, kwa hiyo nenda usiku na tochi, pitisha karatasi ya chooni chini ya fito, na ikitoka na michirizi ya damu umewapata. Dawa iwe iliyoruhusiwa kwa kuku wanaotaga, na kipimo pamoja na siku za kutokula mayai vifuatwe kama lebo inavyosema. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu mayai ya wadudu hayafi kwa mara ya kwanza.

Aliyejeruhiwa mtoe siku hiyohiyo. Osha kidonda kwa maji ya chumvi, kijiko cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha paka GV, ile dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau. Rangi yake inaficha wekundu unaowavuta wenzake. Kagua kila siku kama nzi wametaga, hasa kidonda kikiwa karibu na mkia. Mweke nyuma ya wavu ndani ya banda lilelile wazidi kuonana, la sivyo akirudi wanampokea kama mgeni.

Mkorofi naye mtoe, peke yake, siku tatu hadi saba. Akirudi anakuta nafasi yake imechukuliwa na anaanza chini. Ukiingiza kuku wapya, waingize wawili au zaidi, baada ya wiki moja au mbili za kuonana kwa wavu, na siku ya kuwachanganya ongeza chombo kimoja cha chakula.

Mdomo una mishipa ya fahamu, na kuukata kwa wembe kwa kuku mkubwa kunamtoa damu na kumfanya ashindwe kula vizuri. Kwa kundi la kuku kumi uani, sioni sababu ya kufika huko. Rekebisha chakula na banda leo, kisha subiri wiki sita hadi nane uone manyoya yanavyorudi kwenye vile vitundu vitupu. Pale palipobaki mabua yaliyovunjika, subiri kuku abadili manyoya.