Bomba la kushushia maji kwenye sampu: pana au jembamba?

Ukimwambia fundi bomba kwamba unataka kuteremsha maji ya tangi la samaki hadi kwenye sampu, lile tangi la pili la kabatini lenye chujio na pampu ya kurudisha maji juu, atakujibu: weka bomba nene, ulale. Hajakosea. Bomba la inchi 2 lina nafasi ya mabomba manne ya inchi 1. Maji hushuka yakiambaa ukutani, hewa ikipita katikati, na hakuna cha kurekebisha. Umeme ukikatika yanakoma, ukirudi yanaendelea.

Kero ni hiyo hewa. Bomba linaguguma kama mtu anayemalizia soda kwa mrija, usiku kucha, sebuleni. Mfugaji wa samaki wa tangini, Richard Durso, alipunguza kelele kwa kuweka elbo inayotazama chini na kitundu cha hewa juu yake, na mtindo huo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Kwa mtindo huo, bomba la inchi 1 hubeba takriban lita 2,300 kwa saa, la inchi 1½ karibu lita 5,000. Tena bomba pana lina gharama yake kwenye kioo: tundu la kupitisha kiungio cha inchi 1 huwa karibu milimita 45, la inchi 1½ karibu 60.

Upande wa pili wanasema iondoeni hewa kabisa. Zamisha mdomo wa bomba, libane kwa koki ya chini mpaka lijae maji matupu, nalo litavuta kama mpira wa kunyonyea petroli. Bomba lile lile la inchi 1 sasa linapitisha maji mengi zaidi, na husikii kitu. Koki iwe ya kuzungusha taratibu. Ile ya robo mzunguko itakutoa jasho.

Ila sifoni, yaani bomba hilo lililojaa maji matupu, ina deko. Pampu ikishika uchafu kidogo tu, mizani inavurugika na hewa inaingia. Na konokono mmoja akikaa kwenye koki iliyobanwa, basi. Pampu ya lita 3,000 kwa saa inasukuma lita 50 kwa dakika. Kama chumba chake kwenye sampu kina lita 20 za ziada, sekunde 24 baadaye zote ziko juu, zinatafuta ukingo.

Kwa hiyo mimi niko upande wa sifoni, kwa sharti moja ambalo wengi hulifanya kinyume. Wananunua bomba kuu pana, halafu la dharura, lile la pili la kupokea maji kuu likiziba, wanaweka chochote kilichobaki. La dharura ndilo linalopaswa kuwa pana, kwa sababu siku yake ikifika litabeba maji yote peke yake, likiwa na hewa ndani. Kwa pampu hiyo ya lita 3,000, sifoni ya inchi 1 inatosha. Dharura ni inchi 1½. Pima tundu la ndani, maana bomba la milimita 32 linalouzwa kama inchi 1 halifiki milimita 30 ndani.

Kabla ya kutia samaki, washa pampu, ziba sifoni kwa kiganja, utazame. Nilipojaribu na dharura ya inchi 1, maji yalisimama kidole kimoja chini ya ukingo. Jioni hiyo hiyo nilirudi dukani.